Indiketa ya Kushoto

Kwa miezi mitatu niliwaambia watu kwamba lori lilinidanganya. Niliwaambia walimu wenzangu ofisini, nikamwambia fundi aliyenibadilishia kioo cha pembeni, nikamwambia hata mwenye duka anayenikopesha sukari. Hadithi ilizidi kunoga kila nilipoirudia. Fuso liliwasha indiketa ya kushoto, maana yake pita, nikapita, mbele kukawa na pikipiki. Hapo msikilizaji hutikisa kichwa na kusema, "Madereva wa malori hao!" Nami naitikia, "Hao hao."

Lori halikunidanganya. Nilipita nikiwa sioni mbele. Kosa ni hilo, na ni langu.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2023. Leseni yangu ilikuwa na wiki saba na gari, IST ya mkopo, lilikuwa na wiki tano. Nilitoka Mbagala alfajiri kwenda Chumbi kumwona bibi, nikiwa na shangazi kiti cha mbele na unga, sabuni na dumu la mafuta nyuma. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri: kote nilikwenda kwa adabu, hamsini penye kibao cha hamsini, maana nilikuwa naogopa tochi za trafiki kuliko nilivyoogopa kugonga mtu. Nalikiri na hilo, maana lina uhusiano na yaliyofuata. Penye trafiki nilikuwa dereva mzuri sana.

Udereva nilijifunzia mjini. Mwezi mzima nilifundishwa kuondoka kwenye mwinuko bila gari kurudi nyuma, kuingia kinyumenyume kati ya nguzo, na kuishi na daladala bila kugombana nazo. Kulipita lori kwenye barabara kuu sikufundishwa, na wala sikuuliza. Sikuona haja, kwa sababu barabara ya kusini nilidhani naijua. Nimeisafiri tangu mtoto. Naikumbuka Ndundu ya pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na naikumbuka ile barabara ya upande wa pili wakati wa masika, basi limezama kwenye tope na abiria tumeshuka tunakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Kosa kama langu siku zile lisingewezekana. Lori na basi na aliyetaka kuvipita, wote walikuwa wamekwama pamoja. Ilipokuja lami ndipo ikaja haraka, na kwenye mabasi ya Lindi na Mtwara mimi nilipenda kukaa siti ya mbele, karibu na dereva.

Pale ndipo nilipojifunza lugha yao. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, anakwambia njia nyeupe, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Ukishapita unawasha taa zote za ishara mara mbili, kumshukuru. Kwenye kitabu cha alama za barabarani huyakuti hayo. Kwenye kitabu, indiketa ya kushoto ni mtu anayekwenda kushoto, basi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa siti ya mbele miaka na miaka, nikaona kitabu ni cha wageni wa barabara. Nilikuwa najua mpaka namna ya kushukuru.

Tulipovuka daraja nilijisikia nimeshafika. Kuna utulivu unaompata mtu wa Chumbi akishavuka Rufiji, kama mtu aliyekwishavua viatu mlangoni. Mbele yetu kulikuwa na Fuso limefunikwa turubai, linakwenda kama sitini hivi, na mimi nilikuwa nimelifuata kwa dakika kumi nikila moshi wake. Barabara ilikuwa inapinda. Mstari wa katikati haukuwa na mikato. Fuso likawasha indiketa ya kushoto.

"Huyo anasimama," shangazi akasema. "Kuna magunia ya mkaa pale."

"Hapana, shangazi. Hiyo ni lugha ya madereva. Ananiruhusu nipite."

Nilimjibu kwa sauti ile ninayoitumia kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Shangazi yangu hajawahi kushika usukani maishani mwake. Alikuwa ametazama kando ya barabara, ameona magunia, akaona indiketa ya kushoto, akajumlisha. Mwalimu wa hisabati mimi hapa. Taa za breki za Fuso zilikuwa zinawaka, nyekundu kabisa, na sisemi kwamba sikuziona. Niliziona. Nilizitafsiri kwamba anapunguza mwendo kunisaidia.

Nikatoka kulia. Nilipofikia usawa wa tairi zake za nyuma ndipo nilipoiona pikipiki, inatokea kwenye kona, na matenga mawili ya samaki yamefungwa nyuma. Kurudi nyuma ya lori sikuwahi. Kijana akafanya kila kilichokuwa kinawezekana kufanywa, na alikifanya yeye peke yake: akaitoa pikipiki kwenye lami. Kioo changu kikalipiga tenga la upande wangu. Akaanguka kwenye changarawe.

Alivunjika mtulinga. Perege na kambale wake walitapakaa barabarani na magari mawili yakawakanyaga kabla watu hawajayasimamisha. Tulikwenda polisi kuchukua PF3, tukaenda kituo cha afya. Hakulia wala hakunitukana; aliuliza tu pikipiki imeharibika wapi, kwa sababu haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba, na tajiri yake alitaka hesabu kila jioni, shilingi 10,000, mtulinga uwe mzima au usiwe. Bima niliyokuwa nayo ingechukua muda wake, na jioni haisubiri, tukaelewana nilipe mwenyewe. Wiki nane za hesabu, 560,000. Samaki, 220,000. Uma wa mbele na taa, 185,000. Matibabu, 140,000. Jumla 1,105,000, nikazilipa kwa mafungu manne. Wiki nane hakufanya kazi, na hizo hakuna aliyezirudisha. Nililipa hesabu ya tajiri. Riziki yake mwenyewe, ile inayobaki baada ya hesabu, sikuifikiria mpaka baadaye sana.

Dereva wa Fuso, siku ile, alikuja kusaidia kunyanyua pikipiki. Utingo wake alikuwa ameshashuka anaulizia bei ya gunia. Nilimfuata nikamkaripia: kwa nini ameniwashia indiketa? Akanitazama, akalitazama lori lake lililosimama kushoto, akanitazama tena. "Kaka, mimi si nimekwenda kushoto?" Nikaona ni mjeuri. Hilo ndilo nililokwenda kusimulia mjini.

Oktoba nikarudi Chumbi, safari hii peke yangu. Baada ya daraja niliona mama amepanga mikeka ya ukindu kando ya barabara, nikakumbuka mke wangu alikuwa ameagiza mmoja. Nikawasha indiketa ya kushoto. Nikakanyaga breki taratibu. Nyuma yangu kulikuwa na Noah nyeupe.

Noah ikatoka kulia.

Mbele kulikuwa na basi, linakuja. Mimi nililiona, maana nilikuwa mbele. Aliyekuwa kwenye Noah hakuweza kuliona. Nilikanyaga breki mpaka mkanda ukanibana kifua, akaingia mbele yangu kwa nafasi ambayo sijui niiite nini, basi likapita likipiga honi ndefu iliyokwenda nalo hadi mbali. Nilibaki nimesimama nusu kwenye lami na nusu kwenye changarawe, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilitaka kutukana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ndipo Noah ikawasha taa zote za ishara. Mara moja. Mara mbili.

Alikuwa ananishukuru.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mama wa mikeka alikuja dirishani akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa namtafuta mtu wa kumlaumu, na kila nilipomfikia nilikuta ni mimi, pande zote mbili. Mimi ni lori: sikumruhusu mtu, nilikuwa nanunua mkeka. Na mimi ni Noah: nimepewa ruhusa ambayo hakuna aliyeitoa, nikaishukuru. Maneno ya dereva wa Fuso yakanirudia kama yalivyokuwa, bila ujeuri wowote ndani yake. Kaka, mimi si nimekwenda kushoto?

Na hata kama angekuwa ananiruhusu kweli? Swali hilo lilinifuata mpaka kwa bibi, na usiku, kwa taa ya sola, nikachukua kalamu. Hesabu niliyoifanya ni ya dakika tatu kwa kidato cha pili. Lori linakwenda 60, mimi 80. Tofauti ni 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu hivi kwa sekunde. Kutoka nyuma ya lori hadi kurudi salama mbele yake nahitaji kulizidi kwa kama mita 40: sekunde saba. Ndani ya sekunde hizo mimi natembea mita 155, na pikipiki inayokuja kwa 60 inatembea mita 117. Kwa hiyo, nikiwa naanza tu kutoka, nahitaji kuiona barabara tupu kwa mita zaidi ya 270. Pale kwenye kona, hata kichwa nikikitoa dirishani, nisingeona mita mia. Nyuma ya turubai la Fuso nilikuwa naona turubai. Mwenye kuona mbele alikuwa mtu mwingine, ambaye hanijui, hajui gari langu lina nguvu kiasi gani wala leseni yangu ina wiki ngapi, na mimi nikaamua kuendesha kwa macho yake.

Wewe uliyepata leseni juzi, huenda lugha ile umeshaijua, na mengi unayoyasikia ni ya kweli. Wapo madereva wa malori wanaoitumia kwa wema. Tatizo ni kwamba taa ni moja na maana ni mbili, na mwenye kuchagua maana ni wewe, ambaye kwa wakati huo una haraka. Mimi siku ile nisingeona maana ya kusimama hata angenitolea kibao.

Asubuhi nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta chini ya mwembe na matenga mapya, bega moja limeinama kidogo kuliko lingine. Nikamwambia nimekuja kusema kwamba lori halikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na miezi yote hii nimekuwa nikilisingizia.

"Mwalimu, hilo mbona nalijua," akasema. "Lile Fuso kila Jumamosi linasimama pale. Linachukua mkaa."

Akaendelea kumwagia samaki maji. Nilisimama nikisubiri kitu, sijui nini. Mwishowe nikauliza perege wanauzwaje, akanitajia bei. Nilimwomba anipunguzie, kwa mazoea tu, kabla sijafikiri.

"Hapana," akasema. "Bei ni hiyo."

Nikachukua wanne.