Je, Mjomba Ajenge Tena Gatumba?

Ninasoma Kiswahili katika chuo kikuu mjini Bujumbura, na sikutarajia kwamba somo hili lingenipeleka siku moja kwa wahandisi. Lakini mjomba wangu ana kiwanja Gatumba. Gatumba iko kwenye nyanda za chini kati ya mto Rusizi na mpaka wa Kongo, na mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake ukaingia majumbani mwa watu. Nyumba ya mjomba, ya vyumba vitatu, ilisimama majini siku nne. Siku ya tano ukuta wa nyuma ukalala chini. Tangu wakati huo yeye, mkewe na watoto wamekuwa watu wa kuhamahama: kwanza mahema, kisha chumba cha kupanga Buyenzi, kisha kingine cha bei nafuu zaidi. Kila kiangazi huenda kukitazama kiwanja chake, na kila akirudi huniuliza swali lile lile: ajenge tena, au aache?

Mimi nilikuwa nikimjibu kwamba ninasoma ngeli na ushairi. Yeye akasema, "Mpwa wangu, si wote mnakula kantini moja? Waulize wenzako."

Basi nikawauliza. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza kwa kulipeleka swali moja katika idara nne. Nimeyaandika kwa sababu kila idara ilinipa jibu zuri, na majibu hayo yalipokutana yakaanza kugombana.

Wa kwanza alikuwa kijana wa uhandisi wa ujenzi aliyekuwa akiandika tasnifu yake juu ya madaraja. Aliniambia nisiutazame mto, nilitazame ziwa. Rusizi unatoka Ziwa Kivu, unashuka milimani kwa haraka, kisha unafika katika uwanda wa Imbo na kupoteza kasi. Kutoka hapo mwendo wake unategemea ziwa liko chini kiasi gani. Ziwa Tanganyika likipanda hata mita moja, mto unakosa mteremko. Maji yanayotoka juu yanakuta yaliyotangulia hayajaondoka. Yanapunguza mwendo, yanatua mchanga na tope, sakafu ya mto inainuka, na mvua kubwa inayofuata haipati nafasi ndani ya kingo. Watu wa Gatumba husema mto uliwavamia. Kwa mujibu wa mwenzangu huyu, ziwa ndilo lililoufungia mto mlango.

Na ziwa lenyewe lina tabia yake. Ni refu kwenda chini, mita 1,470 hivi pale penye kina kikubwa, na linagawanywa na nchi nne, lakini lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, karibu na Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi hayaondoki hata kwa mto huo. Yanapaa hewani kwa joto la jua. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka michache mfululizo, ziwa halina njia pana ya kupumulia. Linapanda na kukaa huko juu.

Hapo nilichukua daftari nikaanza kusoma historia, maana historia angalau haihitaji hesabu. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 aliikuta Lukuga imezibwa na matope na mimea, na ziwa lilikuwa linapanda. Karibu na 1878 maji yalilisukuma zibo hilo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Ndiyo maana mnara wa ukumbusho kule Ujiji, mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, leo uko mbali na maji. Kisha zikaja mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 1964 ziwa likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2024 likakaribia tena kiwango hicho, na bandari ya Bujumbura ikaingiwa na maji. Ukimwambia kijana wa leo kwamba ziwa limeharibika, mzee aliyekuwa mvuvi mwaka 1964 atakuambia limerudi kuchukua pake.

(Wazee hawa wanafaa kusikilizwa. Burton alipofika Uvira mwaka 1858, akitafuta kama Rusizi ni mto unaotoka ziwani, wenyeji walimwambia wazi kwamba unaingia. Ulaya iliendelea kubishana juu ya jambo hilo miaka kadhaa.)

Jibu la uhandisi kwa mjomba, basi, lilikuwa hili: tuta. Jengeni tuta la udongo ulioshindiliwa kandokando ya mto, na mfukue mchanga mtoni. Nikauliza ni kiasi gani cha fedha, mwenzangu akacheka.

Nikaenda kwa mwanafunzi wa usanifu majengo. Huyu hakutaka kusikia habari za tuta. Yeye alitaka kujua ukuta ulianza kuanguka wapi. Nikamwambia mjomba alisema ulianzia chini, kana kwamba umekatwa miguu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia kikohozi anachokijua. Nyumba nyingi za Gatumba ni za matofali mabichi, yale yanayokaushwa kwa jua na ambayo sisi huita rukarakara. Tofali la namna hii hubeba uzito vizuri likiwa kavu. Likisimama ndani ya maji, maji hupanda taratibu kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na safu za chini zinarudi kuwa udongo wakati zile za juu bado ni nzito kama kawaida. Kinachoiangusha nyumba si nguvu ya mkondo. Ni kule kukaa ndani ya maji yaliyotulia. Ndiyo sababu nyumba inaweza kupona usiku wa mafuriko wenyewe na kuanguka siku ya tano, juani, watu wakiwa wamekwisha kushukuru.

Jibu lake: msingi wa mawe na saruji ulioinuliwa mita moja juu ya ardhi, tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, paa linalotokeza nje kuukinga ukuta na mvua, na nyumba yote ipandishwe juu ya kifusi. Alinichorea. Ulikuwa mchoro mzuri, wenye hata mti wa mwembe kando ya mlango. Niliupenda sana, nikampelekea mjomba siku hiyo hiyo, na mjomba akauliza: "Na choo?"

Katika mchoro choo hakikuwepo. Swali hilo ndilo lililonipeleka maabara.

Dada anayesoma mikrobiolojia alinipa kiti, akanionyesha kwenye darubini bakteria waliotiwa rangi, wasio na madhara, kisha akaniambia habari za wale wenye madhara. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ni kijidudu kilichopinda kama mkato wa maandishi. Tumezoea kufikiri kwamba kinaishi tumboni mwa mgonjwa na kusafiri kwa kinyesi chake tu. Lakini utafiti wa miaka mingi wa Rita Colwell na wenzake umeonyesha kwamba kinaweza pia kuishi majini bila mtu yeyote, kikiwa kimejishikiza kwenye vidudu vidogo vinavyoelea, jamii ya kamba, ambavyo jicho haliwaoni vizuri. Huko Bangladeshi, katika vijiji 65, wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba wagonjwa walipungua karibu nusu. Kitambaa cha kuvaa! Nilifikiria vitenge vyote vilivyoanikwa Gatumba. Dada akanionya nisikimbilie huko: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, kitambaa ni cha yule asiye na vyote viwili.

Kisha akanitajia Uvira. Uvira iko ng'ambo ya mpaka, unaiona kwa macho ukiwa Bujumbura siku ya anga safi. Watafiti walichukua rekodi za kila siku za mtambo wa maji wa mji huo, maji kiasi gani yalipelekwa mabombani, wakazilinganisha na rekodi za wagonjwa wa kipindupindu waliolazwa tangu 2009 hadi 2014. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015. Waligundua kwamba bomba likikauka siku moja, katika siku 12 zinazofuata idadi ya wanaolazwa huwa zaidi ya mara mbili ya ile inayofuata siku ya maji kamili. Karibu robo ya wagonjwa wote waliweza kuhusishwa na maji kukatika. Na maji yanakatika mara nyingi kwa sababu umeme umekatika na pampu zimelala. Watu huenda ziwani na ndoo.

Tafadhali msomaji, simama hapo kidogo. Ugonjwa wa tumbo la mtoto unaanzia kwenye waya wa umeme. Nilipomweleza yule kijana wa madaraja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema katika miaka yake yote ya masomo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pampu ni kifaa cha hospitali.

Sasa rudi kwenye choo cha mjomba. Choo cha shimo hufanya kazi pale tu maji ya ardhini yanapokuwa mbali chini. Ziwa linapopanda, maji ya ardhini nayo yanapanda, na shimo linajaa kutoka chini, bila mvua kunyesha na bila mtu kuona mafuriko. Ukiinua nyumba mita moja na kuacha choo chini, umejipatia sebule kavu inayotazama kidimbwi cha kinyesi. Ukijenga tuta, mto unabaki nje, lakini mvua inayonyesha ndani ya tuta nayo haina pa kutokea, na maji hayo yaliyotuama yanakutana na mashimo yale yale. Ukipandisha kifusi kwenye kiwanja chako, maji yaliyokuwa yapite kwako yanapita kwa jirani. Tuta la mhandisi linamtia wasiwasi mikrobiolojia, kifusi cha msanifu kinamtia wasiwasi mhandisi, na choo kilichoinuliwa chenye tangi lililofungwa, alichokitaka dada wa maabara, msanifu alikiona kirefu kupita nyumba.

Mwezi wa tatu niliwaalika wote kantini. Hawakuwa wamewahi kuzungumza pamoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja ambao mjomba na jirani zake wangeuelewa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nami nina idara.

Sayansi tunafundishwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hutenganisha kitu kinachoweza kudhuru na uwezekano wa mtu kudhurika. Kiswahili chetu cha mtaani husema "hatari" kwa vyote viwili. Nilijaribu "janga", lakini janga ni jambo lililokwisha kutokea. Nikampigia mjomba simu, nikamuuliza: mto ukijaa na hakuna mtu Gatumba, hiyo ni hatari? Akajibu bila kufikiri: "Hapana, hayo ni maji. Hatari ni kulala pale." Nikaandika hivyo hivyo: maji, na kulala. Kijana wa uhandisi alisema ni maelezo bora kuliko yale ya kitabu chake. Neno la ugonjwa nalo lilinisumbua. Vitabu vyangu husema kipindupindu, lakini wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uvira husema kolera, kama wanavyosema mayi badala ya maji. Niliandika yote mawili. Mwalimu wangu wa sarufi anisamehe.

Ukurasa ulisomwa Gatumba siku ya Jumapili, chini ya mwembe, kwa watu kama thelathini. Ulisema kwa kifupi kwamba ziwa lilikwisha kufika hapa kabla, na linaweza kufika tena. Kwamba ukuta wa udongo usitegemewe baada ya kusimama majini, hata ukionekana mzima. Kwamba choo kijengwe kabla ya nyumba, na kama choo salama hakiwezekani mahali fulani, basi na nyumba haiwezekani pale. Kwamba bomba likikauka, siku hiyo hiyo waanze kuchemsha maji au kutia klorini, wasingoje mgonjwa wa kwanza. Sentensi ya choo ndiyo waliyoiomba isomwe mara mbili.

Mjomba ameamua. Kiwanja atakilima mahindi na mboga wakati maji yako chini. Kando ya barabara ameweka kibanda cha miti na mabati ambacho yeye na mwanawe wanaweza kukibomoa na kukipakia kwenye mkokoteni kabla ya jua kuzama. Kulala ni Buyenzi. Hakufurahi. Nyumba ile aliijenga kwa miaka sita, tofali kwa tofali, na kodi ya Buyenzi inakula karibu yote anayouza.

Siku ile chini ya mwembe, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinuka watu wakiwa wameanza kuondoka. Alisema ameelewa yote. Nyumba yake iko ndani ya zile mita 150 kutoka ziwani ambazo sheria inakataza kujenga. Alitaka kujua akihama, atapewa kiwanja wapi, na nani. Nilitazama karatasi yangu. Kati ya idara zetu nne hakuna iliyokuwa na jibu hilo.

Wiki ijayo nina miadi na mwanafunzi wa sheria.