Kontena bila ruuti, nikiwa Takawiri

Nimekuwa kimya, na mlioniandikia kuuliza nimepotelea wapi, asanteni. Nilikuwa kwa mama, kisiwani Takawiri, ng'ambo ya maji kutoka Mbita. Omena (ndugu wa Tanzania, ndio dagaa) wameanikwa ufuoni, laptopu inakula sola.

Kulikuwa na kazi pia. Daftari la mauzo la kikundi cha mama lililowa mtumbwini mwaka jana, hesabu za miezi mitatu zikayeyuka. Nikawaandikia programu, nikaiweka ndani ya kontena kwenye seva ya rafiki yangu. Akaunti alinipa, ruuti akaninyima. Simlaumu, hata mimi nisingempa mtu.

Nilitumia Podman. Kerneli ya Linux humpa mtumiaji wa kawaida chumba ambamo yeye ni ruuti, ila akitoka mlangoni ni yule yule wa jana. Siku tano mambo shwari. Ya sita mama akaja na simu mkononi: "Baba, hii kitu yako imekataa kuandika."

Nikaingia kwenye seva, nikapiga `df -h`. Diski 100%. Kha! Kontena langu halifiki GB 1, GB 40 zimekwenda wapi? `podman info` ikanijibu kwa neno moja: vfs.

Hapa nieleze kidogo. Kwa kawaida kontena hutumia overlay. Chukua daftari, weka plastiki inayoona juu ya ukurasa, uandike juu ya plastiki. Ukitazama unaona vyote pamoja, na daftari halijaguswa. Ukitaka kufuta mstari, unabandika kipande cheusi juu yake. Kasoro yake ni kwamba ukibadilisha herufi moja ya faili la MB 500 lililo chini, faili zima hunakiliwa juu kwanza. Sasa, vfs haina plastiki. Hunakili daftari zima kwa kila tabaka. Langu lina matabaka 12, nami nilikuwa nimelijenga upya mara nne. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa nini vfs? Seva ni Debian 11, kerneli 5.10. Ruhusa ya mtu asiye ruuti kupachika overlay iliingia kwenye Linux 5.11, Februari 2021. Nambari moja tu! Ubuntu waliruhusu mapema kwa kiraka chao, na mwaka 2021 likafichuliwa tundu, CVE-2021-3493, lililomfanya mtumiaji yeyote kuwa ruuti. Kwa hiyo woga wa wengine naulewa.

Dawa ni fuse-overlayfs ya Giuseppe Scrivano wa Red Hat, inayofanya kazi ile ile nje ya kerneli. Ni faili moja. Nikaliweka kwenye `~/bin`, nikaandika njia yake kwenye mstari wa `mount_program` ndani ya `~/.config/containers/storage.conf`. Kubadilisha kutoka vfs kunataka `podman system reset`. Nilishaitaipu, kidole juu ya Enter, ndipo nikakumbuka kuwa amri hiyo hufuta na volyumu. Mauzo yote ya akina mama yalikuwa kwenye volyumu. Jasho lilinitoka.

Diski imejaa, hata nakala haina pa kukaa. Ikabidi nivute MB 3 hadi kwenye laptopu, nikiwa nimesimama juu ya jiwe upande wa Mbita ambako mtandao hufika. Ilikatika mara mbili. Ilipokamilika nililifungua faili nikahesabu mistari, kisha ndipo nikabonyeza.

Diski ikashuka, kontena likarudi. fuse-overlayfs ni nzito kidogo, maana kila ombi la faili hupitia programu nyingine kabla ya kujibiwa, lakini kwa hesabu za gorogoro hutaona tofauti. Rafiki yangu amesema atapandisha seva hadi Debian 12, yenye kerneli 6.1, nami nitaitoa.

Mama hakuuliza lolote kuhusu matabaka. Alinunua daftari jipya Mbita, na sasa anaandika kote kuwili.