Gari Moja, Madalali Watatu

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kuona gari la kukodi likitangazwa katika simu: picha ya RAV4 iliyooshwa ikametameta, bei ya siku, na chini yake neno moja, "lipo". Neno hilo ndilo nitakalo tulizungumze leo. Tangu Lamu mpaka Kilwa, wengi katika jamaa zetu sasa wanakula kwa neno hilo: mwenye chumba cha wageni, mwenye chombo cha kutembeza watalii, mwenye gari. Na alisemaye siku hizi ni dalali wa mtandaoni ambaye gari lenyewe hajapata kulitia machoni.

Mimi nakaa Kanazi, kusini ya mji wa Bukoba, katika njia iendayo Muleba. Ukinicheka kuwa mtu wa pwani amefuata nini kwenye migomba na mibuni, cheka tu; Kanazi palikuwa makao ya Omukama Kahigi wa Kihanja zama za Wajerumani, na wageni hapa hawakuanza kwangu. Namshikia daftari jamaa mmoja mwenye magari matano ya kukodisha: Prado moja, RAV4 mbili na Noah mbili. Wateja wake huteremka uwanja wa ndege wa Bukoba, na wengine huingia kwa Mutukula wakitoka Uganda.

Zamani mteja alipiga simu, na aliyemjibu alikuwa akitazama uani. Akiliona gari alisema lipo, asipoliona alisema halipo. Sasa magari yale yale matano yanauzwa na madalali watatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja anadhani yote ni yake. Makampuni makubwa yana programu ya kuyaunganisha mambo haya: gari likichukuliwa kwa dalali mmoja, habari huwafikia wengine papo hapo na tarehe zikafungwa. Mwenye magari matano hana programu hiyo. Ana simu, daftari na vidole vyake. Ujumbe ukija kwa dalali wa kwanza, yampasa aingie kwa wa pili akafunge tarehe, kisha kwa wa tatu. Mtandao ukikatika hapo katikati, gari lililokwisha kukodiwa huendelea kuitwa "lipo" usiku kucha, na mtu aliye London au Muscat akalilipia naye.

Tena madalali hawa hawauzi gari, wanauza aina ya gari. Kuna alama za herufi nne ziitwazo ACRISS: ya kwanza yaeleza ukubwa, ya pili umbo, ya tatu gia, ya nne mafuta na kipoza hewa. Mteja huahidiwa gari la herufi zile "au linalofanana nalo". Penye magari mia maneno hayo yana maana. Lakini mwenye Prado moja, inayofanana nayo ataitoa wapi?

Liko na jambo la saa, ambalo wenye tovuti hawakulifikiria hata kidogo. Mteja huandika 07:00, yaani saa moja asubuhi kwetu. Dereva akiiona ile saba huenda uwanjani saa saba mchana. Kwa hiyo katika daftari langu kila saa imeandikwa mara mbili, kizungu na kiswahili. Na gari likirudi kutoka Mwanza halihesabiwi kuwa lipo mpaka lioshwe na magurudumu yatazamwe. Tunaifunga nusu siku nzima.

Haya yote ni kazi tu, na kazi hufundishika. Penye hatari ni pale mwenye mali anapojua kuwa gari limekwisha kukodiwa, naye akaacha mlango wazi makusudi. Hoja yake si ya kipumbavu. Tovuti nyingi humruhusu mteja kuvunja ahadi bila kulipa mpaka saa 48 kabla ya kuchukua gari. Basi mwenye gari husema, kwa nini nisichukue wawili, mmoja akivunja nibaki na mwingine? Mashirika ya ndege hufanya hivyo kila siku. Kweli, lakini Ulaya wana sheria namba 261 ya mwaka 2004, ambayo humpa abiria aliyenyimwa kiti fidia ya euro 250 hadi 600. Huku kwetu fidia ni "inshaallah kesho".

Neno hilo takatifu nimelisikia likitumika hivyo uwanjani, kwa masikio yangu. Mama mmoja aliteremka kutoka Tanga kwenda Muleba kumzika kaka yake. Gari alikuwa amelilipia kwa dalali. Mwenyewe, mfanyabiashara mwingine nisiyemtaja, alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine asubuhi ile. "Vumilia mama, inshaallah kesho litapatikana." Nawe wajua, msomaji, kwamba maiti wa Kiislamu hangojei kesho. Yule mama alipanda Hiace ya abiria, ikangoja ijae, akafika kaburi limekwisha fukiwa.

Mafakihi wetu wanasema anayekodi amenunua manfaa ya kitu kwa muda ule. Ikiwa ndivyo, saa zile zilikuwa za yule mama. Alizopewa mtu wa pili zilikuwa mali ya mwenzake, na mtoaji alijua.

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa ubaya wa hesabu iliyogawanyika. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ilikadiriwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ilikuwa imepitia Kemondo, bandari iliyo jirani yetu, na watu wakazidi kupanda. Mamia walikufa, Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Silinganishi gari na msiba ule, na meli yenyewe ilikuwa na kasoro za uthabiti majini. Nasema tu kwamba palipokuwa na milango miwili ya kuingilia, hapakuwa na daftari moja.

Sisi tumeiondoa Noah moja kwa madalali wote. Huitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Na Desemba, Wahaya wanaporudi makwao kwa sikukuu na harusi, tunawafunga madalali wawili tangu tarehe 15 mpaka 3 Januari, tukabaki na mmoja. Jamaa yangu hulalamika kila mwaka kuwa tunapoteza fedha. Mwaka jana alipiga hesabu akanionyesha kiasi gani, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari, na tarehe 15 nitawafunga tena.