Panda basi hadi Pangani, urudi nyumbani kwa baiskeli

Kuna ahadi ambayo wafanyakazi wengi hujipa wakiwa ofisini: “Nikistaafu nitatembea.” Kisha miaka 60 hutimia, barua huja, sherehe hufanywa, na matembezi yenyewe huwa ni ya kwenda benki na kurudi. Makala haya ni kwako wewe uliyefika umri huo au unaoukaribia, nawe moyoni una hamu ya kuvuka mpaka kwa mara ya kwanza ukiwa juu ya baiskeli, na usiku kulala hemani. Ni kwako pia, mwanafunzi, ambaye babu yako alitaja jambo hili wakati wa chakula na nyumba nzima ikaangua kicheko. Si wazo la kuchekwa. Ni wazo la kupangwa.

Kosa kubwa katika mipango ya namna hii ni kuanzia mlangoni pako. Kijana anaweza kufunga mzigo Mombasa akaanza kukanyaga kuelekea kusini, kwani akichoka atalala popote na kesho ataendelea. Mtu mzima akifanya hivyo, kila siku inayopita humweka mbali zaidi na daktari wake na watu wake, na siku goti litakapogoma atakuwa pabaya kuliko pote. Ushauri wangu ni kugeuza safari. Panda basi wewe na baiskeli yako hadi mwisho wa njia, kisha urudi nyumbani taratibu. Kila jioni utakuwa umekaribia kwako.

Njia ninayokupendekezea ni ya Pangani hadi Likoni, kupitia Tanga, Horohoro na Lunga Lunga. Kutoka Pangani hadi Tanga ni kilomita 50 hivi, Tanga hadi mpakani 65, na kutoka Lunga Lunga hadi Likoni kama 100. Vijana wa mashindano huzimaliza kwa siku mbili. Wewe jipe siku tisa au kumi. Hakuna mlima wa kutisha, Kiswahili kinakutosha kote, na Wadigo utakaowaacha upande wa Tanga ndio hao hao utakaowakuta Kwale.

Safiri Julai au Agosti. Masika yamepita, jua limepungua ukali, na upepo wa kusi unavuma kutoka kusini, yaani utakusukuma mgongoni au begani karibu njia nzima. Mabaharia wa pwani hii waliupanga mwaka wao kwa kusi na kaskazi, na mwendesha baiskeli mwenye umri hana sababu ya kujifanya mjuzi kuwaliko. Faida nyingine ni kwamba Agosti shule hufungwa, na mjukuu wa kidato cha tatu anaweza kuandamana nawe. Mpe abebe hema.

Sasa tuje kwenye mwili, ambao ndio hasa utakaosafiri. Anza mazoezi miezi mitatu kabla. Wiki za kwanza kilomita 10 zatosha, siku tatu kwa wiki. Ukikaribia kuondoka uweze kwenda 40 siku mbili mfululizo, mzigo ukiwa kwenye keria, na siku ya tatu uamke ukiwa na hamu ya chai wala si ya kuitiwa daktari. Kilomita 40 kwa siku ndio mwendo wako wa safari. Usikubali kushawishika kuupita ati kwa sababu barabara ni nzuri.

Magoti mengi huharibiwa na kiti kilichoshushwa mno. Kaa juu ya baiskeli, mtu akushikilie, weka kisigino kwenye kanyagio lililo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukiweka sehemu ya mbele ya wayo kama kawaida, goti litakunjika kidogo tu. Kisha jifunze kutumia gia nyepesi na kuzungusha miguu upesi badala ya kusukuma kwa nguvu. Ile baiskeli nyeusi ya zamani, Black Mamba, ni ngumu kama chuma cha reli na imewalea watoto wengi wa Kenya hadi chuo kikuu, lakini haina gia na ni nzito hata kabla ya kufungiwa mzigo. Kwa safari hii tafuta ya gia, hata ya mtumba, mradi breki zishike. Kwenye mwinuko, shuka usukume. Hakuna anayekuhesabia.

Mwone daktari mapema, na umwambie yote. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na jua la pwani nalo linakausha. Ni yeye atakayekueleza unywe maji kiasi gani na dalili gani ikusimamishe. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau hadi wafike mpakani: chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa maisha yote, kwa hivyo kama ulichanjwa zamani na cheti unacho, kitunze. Lakini ikiwa una zaidi ya miaka 60 na hujawahi kuchanjwa, usiingie tu kwenye foleni ya sindano. Madhara makali ya chanjo hii ni nadra, ila kwa wazee wanaochanjwa mara ya kwanza hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Daktari apime hatari zote mbili. Akiona haikufai, anaweza kukuandikia barua rasmi. Kabla ya kukata tiketi uliza kama mpakani itakubaliwa.

Makaratasi mengine ni mepesi. Kwenda Uganda au Rwanda kitambulisho humtosha Mkenya, lakini kwa Tanzania beba pasipoti. Beba pia risiti ya baiskeli, uwaonyeshe maofisa wa forodha wa Kenya unapotoka, usije ukaulizwa siku ya kurudi umeinunua wapi. Na usifunge nguo katika mifuko ya plastiki ya dukani: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Kwenye basi, patana bei ya baiskeli kabla ya kuipakia. Vua gurudumu la mbele, geuza usukani, shusha kiti, na usimame hapo hapo hadi uione imelazwa juu ya mizigo, si chini yake. Alama ya urefu wa kiti iweke kwa wino kabla ya kukishusha.

Kuhusu hema, wauzaji watakusifia wepesi wake. Wewe uliza jambo moja: je, nitatokaje usiku wa manane? Mtu wa miaka 60 na zaidi huamka usiku, wengine mara mbili, na hema dogo linalokulazimu kutambaa kwa magoti litakufanya uichukie safari siku ya pili. Chagua lenye mlango mpana unaoweza kukaa ukavaa viatu, na wavu wa mbu usiotoboka. Lisimamishe nyumbani mara tatu, mara moja gizani. Blanketi nzito acha. Julai pwani hutosheka kwa kikoi na shuka. Pesa ulizookoa zitumie kununua godoro zuri la kujaza upepo, kwa sababu mgongo ukikosa usingizi miguu haitakubali chochote.

Usipige hema porini. Upande wa Tanzania fika kijijini mapema alasiri, umwulize mwenyekiti wa kijiji, naye atakuonyesha mahali. Upande wa Kenya ni chifu au naibu wake. Vijana watakupa shikamoo njia nzima, nawe utaitikia marahaba huku umeshika usukani kwa mkono mmoja, kwa hivyo lifanyie hilo pia mazoezi. Chakula usijisumbue na majiko. Mama ntilie wapo, na madafu yapo.

Pangani yenyewe ipe siku nzima kabla ya kuanza. Ni mji mkongwe kwenye mlango wa mto, wenye nyumba za mawe zinazomomonyoka, na ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri mnamo Desemba 1889 baada ya kuwapiga vita. Barabara ya kutoka hapo imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi na lami huwekwa kipande kwa kipande. Uliza hali yake. Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Karibu na Tanga utapita eneo la Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mwanafunzi aliyesoma Utubora Mkulima atakumbuka kwamba shujaa wake naye aliacha kazi ya mjini. Tanga pumzika siku mbili. Ni mji wa baiskeli, mafundi ni wengi, nawe hutaonekana kioja. Hapa ndipo jeshi la Waingereza liliposhuka Novemba 1914, likatimuliwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, nyuki nao wakasaidia, kisha likapelekwa Mombasa kwa meli.

Kutoka Tanga, kupita mapango ya Amboni, mpaka Horohoro na hadi kwetu, ni barabara ya malori. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshuka saa tano. Funga kioo kidogo kwenye usukani, vaa koti linalong'aa, na usikie lori mbili zikija pande zote, toka barabarani kabisa usimame. Usiku usiendeshe hata kilomita moja.

Nyumbani waachie karatasi yenye jina la kila kituo cha kulala, na mpige simu saa ile ile kila jioni. Binti yako anayepinga safari hii hapingi baiskeli. Anaogopa kukaa bila habari.

Baada ya Lunga Lunga utapita mashamba ya miwa ya Ramisi, kisha Msambweni na Ukunda. Siku ya mwisho usikimbilie feri ya Likoni asubuhi, umati wa waendao kazini ukiwa unasukumana. Nunua dafu, kaa kivulini, uvuke saa nne.