Kipande cha gamba kilivyonigombanisha na mama mkwe

Jamani, mkwe ni mkwe hata akiwa mpole kama wa kwangu. Mwenzenu nimeishi na baba Neema miaka mingi bila ugomvi wa kusimuliwa mtaani, lakini mwaka 2009 nilikaribia kurudishwa kwetu kwa sababu ya kaa. Si kaa la moto, la hasha. Kaa huyuhuyu wa kwenye mikoko, mwenye magando. Najua wapo wasomaji ambao dini au mwiko wa kwao hauwaruhusu kumla. Hao wafuatilie ugomvi tu.

Mimi mtoto wa Tanga, mchuzi wa kaa wa nazi nimeukuta nyumbani. Mama mkwe ni wa Singida, kwao kitoweo ni kuku na mlenda. Alipokuja Dar es Salaam mara ya kwanza nikasema leo atanijua mimi nani. Alfajiri nikaenda Feri, nikachagua madume wanne wazito. (Dume utamjua kwa chini: kile kifuniko cha tumboni ni chembamba, cha jike ni kipana cha mviringo. Ukitaka nyama ya magando, chukua dume.)

Kilichoniponza ni haraka. Mawifi walikuwa wanafika saa saba mchana, na mimi saa tano bado nina kaa wa moto mikononi. Nikachukua mchi, nikaponda. Ukimponda kaa namna ile gamba linasagika na kujichanganya na mnofu, hapo hata uwe na macho ya mwewe utaambulia patupu. Nikapitisha vidole mara moja, nikamimina kwenye tui.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, hawa wadudu hawana miiba?"

Nikamjibu, "Hawana mama, nimesafisha mwenyewe."

Tonge la tatu mama akanyamaza. Akashika koo, machozi yakamtoka. Jirani mmoja mwenye kiherehere akaja mbio na tonge la ugali mkavu, eti alimeze lisukume. Msithubutu! Daktari alitueleza baadaye kwamba kitu chenye ncha kikisukumwa hivyo kinaweza kuchimba ndani zaidi. Tukakodi teksi hadi hospitali, daktari akamulika, akaingiza kikoleo kirefu chembamba, akakitoa. Kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa mtoto, cheupe cha kuona upande wa pili. Baba Neema akakitia kwenye kiberiti, akakiweka juu ya kabati. Sikuuliza ni cha nini.

Mama hakunigombeza. Bora angenigombeza! Kuanzia siku ile, kila akija kwetu, chochote nilichopika alikikagua kwanza. Wali aliupapasa kwa vidole. Uji aliukoroga na kuchungulia kijiko. Mbele ya wageni, mbele ya mawifi zangu waliokuwa wanabanwa na kicheko. Miaka sita, ndugu zangu.

Nikampigia mama yangu Tanga. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Nani alikufundisha kutwanga kaa? Kaa si kisamvu." Ikabidi likizo niende nikakae naye chini kama mwali.

Kwanza, kaa akishachemka dakika kama 15 mwache apoe kabisa. Akipoa nyama inajikaza na kuachana na gamba. Akiwa wa moto inang'ang'ania. Gando ligonge mara moja tu kwa mgongo wa kisu, gamba lipasuke, lisivunjikevunjike. Ndani yake kuna ubapa mwembamba mgumu, umekaa katikati ya nyama kama unyoya. Uvute taratibu utoke mzima, maana ukikatikia humo umejitafutia kazi ya nusu saa.

Lakini balaa lenyewe liko kiwiliwilini. Mle ndani kumegawanyika vyumba vyumba, na kuta zake ni nyembamba kama karatasi ya nailoni. Ndiko kilikotoka kile kipande cha mama mkwe. Usikamue. Kata katikati, fungua chumba kimoja kimoja, sukuma nyama kwa mpini wa kijiko.

Halafu sasa mnofu wenyewe. Mama huuangusha kidogo kidogo kwenye bakuli la bati, na redio anazima. Gamba likianguka linalia, ti! Nyama hailii. Na usiuoshe kwa maji kwa kutaka usafi, utamu wote utaenda na maji. Ni vidole tu, polepole, bila kuvurugavuruga.

Mwaka 2015 mama mkwe akaja tena. Neema alikuwa amefaulu mtihani wake na zawadi aliyoitaka ni kaa, mtoto huyu naye! Nikakaa uani kwenye mkeka na sinia langu, roho inadunda. Nilikuwa nimeshapitisha vidole mara mbili mama alipotoka ndani, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu.

"Lete hapa."

Akaueneza mnofu kwenye sinia, akausogeza kwa ncha za vidole kama anayechambua uwele, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kisha akafumba macho. Nikafikiri kasinzia. Kumbe vidole vinatembea. Kila baada ya muda anatoa kitu, anakiweka kwenye kifuniko cha sufuria bila kusema neno. Alipomaliza nikahesabu vipande 11, kutoka kwenye nyama niliyoiita safi.

"Macho yanadanganya, mama Neema," akaniambia. "Kwetu kuna kijiwe kinafanana na uwele kabisa. Ukikitafuta kwa macho utavunja jino."

Nikaona aibu, nikaona na raha pia, sijui niielezeje. Nikapika mwenyewe, tui la kwanza na la pili, ndimu mwishoni.

Usiku tukaketi. Mama akanawa, akavuta bakuli, na vidole vyake hao, vikaanza kupapasa. Nikainamisha kichwa.

"Wewe sikukagui," akasema. "Leo najikagua mwenyewe."