Picha ya Siku ya Ushindi

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Ndugu wasomaji, katika sebule ya marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, palikuwa na picha mbili ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya Al-Kaaba tukufu. Ya pili, iliyokatwa katika kalenda ya zamani na kutiwa fremu ya mbao, ilikuwa ya Gamal Abdel Nasser wa Misri. Nyumba nyingi za pwani yetu zilikuwa na picha kama hiyo. Baba yetu alikuwa kijana redio ya Cairo ilipoanza kusema kwa Kiswahili mwaka 1954, naye alikuwa akienda kila jioni barazani kwa kinyozi kuisikiliza, kwani wakati huo mwenye redio alikuwa mmoja katika mtaa. Baadhi ya vijana wa rika lake walisafiri hadi Misri kutafuta elimu. Yeye hakujaaliwa kusafiri, akabaki na picha.

Sisi tulizaliwa mwaka 1970, mwaka uleule aliofariki kiongozi huyo. Kwa hiyo hatukumjua ila kwa picha ile na kwa masimulizi ya baba. Tulikua tukiamini kuwa habari za Misri twazijua vyema.

Basi siku moja, baada ya darasa la Alasiri, kijana mmoja tunayemsomesha alitujia na simu yake ya mkononi. Alikuwa amepata humo picha za zamani za maofisa wa jeshi la Misri waliouondoa ufalme mwaka 1952. Akatuonyesha moja baada ya moja. Nasser tulimtambua mara moja, nasi tukafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini. Lakini karibu katika kila picha palikuwa na mtu mwingine, mzee kuliko wenzake, ana kofia ya kijeshi, na katika baadhi ya picha ana kiko. Huyo ndiye aliyewekwa mbele. Kijana akauliza, “Maalim, huyu mzee ni nani?”

Tulinyamaza. Hatukumjua. Tulikuwa tumeishi na picha ya Nasser tangu utotoni, tukiiona asubuhi na jioni, na huyu aliyekaa karibu naye hatukupata hata kusikia jina lake. Tukamwambia kijana, “Ngoja, mwanangu, tutatafuta.” Na tulipotafuta tukaona haya, kwa sababu tutakazozieleza.

Mzee yule ni Muhammad Naguib, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1901. Alikuwa jenerali mwenye heshima katika jeshi, naye alijeruhiwa katika vita vya Palestina vya mwaka 1948. Vijana waliojiita Maofisa Huru, ambao Nasser alikuwa kiongozi wao, walihitaji mtu mzima anayejulikana na watu, ili taifa liwaamini. Nasser mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Wakamtaka Naguib awe mbele yao, naye akakubali. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952 wakayatwaa makao makuu ya jeshi, na asubuhi yake Anwar Sadat akasoma tangazo katika redio. Baada ya siku tatu Mfalme Farouk akajiuzulu na kupanda meli yake, al-Mahrousa, kutoka Alexandria. Akapigiwa mizinga 21, na Naguib, ingawa alichelewa kufika, aliifuata meli kwa mashua ili amuage. Yafaa vijana wetu walitie moyoni jambo hilo: mfalme ameshindwa, na aliyemshinda anamfuata baharini ili amuage kwa heshima.

Tarehe 18 Juni 1953 Misri ikawa jamhuri, na Naguib akawa rais wake wa kwanza. Lakini wenzake na yeye hawakuafikiana. Yeye alitaka utawala wa bunge urejeshwe na wanajeshi warudi kambini, nao waliona kuwa kazi ya mapinduzi haijesha. Tarehe 25 Februari 1954 ikatangazwa kuwa amejiuzulu. Watu wakajaa barabarani, na baada ya siku mbili akarudishwa. Iko picha ya mwezi Julai wa mwaka huo, wakisherehekea miaka miwili ya mapinduzi: Naguib na Nasser wamo ndani ya gari moja lisilo na paa. Anayeitazama picha ile bila kujua yaliyofuata atadhani kuwa ni ndugu wawili.

Haikutimia miezi minne baada ya siku ile. Tarehe 14 Novemba 1954 Naguib aliondolewa katika urais na kutiwa kizuizini katika nyumba moja huko al-Marg, pembezoni mwa Cairo. Alikaa humo miaka kama 17, mpaka Sadat alipomfungulia mwaka 1971. Katika miaka hiyo jina lake liliondolewa katika vitabu vya shule, na watoto wa Misri wakafundishwa kana kwamba rais wao wa kwanza alikuwa mwingine. Alipozeeka aliandika kitabu cha maisha yake, na jina alilokipa linasema kuwa yeye aliwahi kuwa rais wa Misri. Tazameni msiba wa mtu kulazimika kuwakumbusha watu wake jambo kama hilo! Alifariki mwaka 1984.

Wala si yeye peke yake. Katika picha ya maofisa wale yumo Yusuf Siddiq, ambaye usiku wa mapinduzi alitoka na askari wake saa nzima kabla ya wakati uliopangwa, akayateka makao makuu ya jeshi. Naye hakudumu na wenzake. Yumo Abdel Hakim Amer, rafiki mpenzi wa Nasser. Baada ya kushindwa vita vya Juni 1967 walifarakana, naye akafa mwezi wa Septemba mwaka huo akiwa chini ya ulinzi; serikali ikasema amejiua, na jamaa zake wakakataa. Nasser mwenyewe alifariki tarehe 28 Septemba 1970, umri wake miaka 52, na mamilioni wakamsindikiza kaburini. Sadat aliuawa tarehe 6 Oktoba 1981 akitazama gwaride la jeshi lake mwenyewe. Kila mmoja katika picha ile anatabasamu au amekaza uso kama mwenye nchi, na hakuna hata mmoja aliyejua zamu yake.

Hatuandiki haya kumtukana Nasser. Alifanya makubwa: mashamba ya matajiri yakagawiwa wakulima, Mfereji wa Suez ukarudi mikononi mwa Wamisri mwaka 1956, na sauti ya Cairo iliwatia moyo watu wa Afrika waliokuwa chini ya wakoloni, baba yetu akiwa miongoni mwao. Lakini mtu mkubwa pia hupimwa kwa namna alivyomtendea aliyesimama naye siku ya kwanza. Hilo tulitaka kumwambia kijana wetu, na hapo ulimi wetu ukawa mzito, kwani na sisi tunayo picha yetu.

Mwaka 1996 tulikuwa vijana wanane, walimu wasaidizi katika chuo cha Qurani mtaani kwetu. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1961 na mzee mmoja ambaye ndiye aliyetufundisha sisi sote alifu kwa kijiti. Tuliona mzee amechoka. Hataki madawati, hataki ubao, hataki daftari la ada. Mtoto asiyekuwa na kitu alimsomesha bure, na aliyekuwa na kitu vilevile hakumdai. Sisi tukasema chuo kitakufa. Tukafanya mkutano bila yeye, tukaunda kamati, kisha tukaenda kwake baada ya Isha kumwomba ufunguo. Hakubishana nasi. Aliufungua kutoka katika mshipi wake akatupa, akasema, “Haya, wanangu. Mwenyezi Mungu awasahilishie.”

Kesho yake tukamwita mpiga picha. Tukasimama wanane mbele ya mlango wa chuo, kanzu zimepigwa pasi, na aliyeshika ufunguo akasimama katikati. Aliyeshika ufunguo ni sisi tunaoandika maneno haya. Picha hiyo tukaitundika ndani. Mahali pale palikuwa na picha nyingine, ya mzee amekaa na wanafunzi wake wa kwanza. Tukaishusha, tukaitia stoo. Kisha tukafanya lililo baya zaidi. Juu ya mlango tukaandika kwa rangi jina la chuo, na chini yake maneno haya: “Kimeanzishwa 1996.”

Mzee aliishi miaka mingine 11, nyumba ya nne kutoka chuoni. Kila siku tulipita barazani kwake. Sisi tukisema, “Shikamoo, Maalim,” naye hujibu, “Marahaba, wanangu,” na maandishi yale yako mbele ya macho yake kila aendapo msikitini. Hakutamka neno. Nasi tulikichukua kimya chake kuwa ni radhi. Alifariki mwaka 2007, tukamzika, tukamsomea, wala hakuna katika sisi aliyemwomba msamaha. Hata sisi wanane hatukudumu: wawili wamefariki, watatu walifarakana nasi kwa ajili ya fedha za chuo, na mmoja wao tulimwondoa kwa njia ileile tuliyomwondoa mzee.

Basi kijana alipotuuliza, “Huyu mzee ni nani?” sisi tulisikia swali jingine. Wanafunzi wetu wa leo wangeuliza nani kuhusu mzee wetu, ilhali hata picha yake hawaioni?

Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuzihalalisha, na wengine wamezikataza. Hatukusudii kuingia katika khitilafu hiyo hapa. Twasema tu kwamba kushusha picha ni jambo moja, na kufuta haki ya mtu ni jambo jingine. Nyumba isiyo na picha hata moja yaweza kuwa imejaa majina yaliyofutwa.

Tukumbuke siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliingia katika mji uliomfukuza ameinamisha kichwa juu ya mnyama wake kwa kumnyenyekea Mola wake. Ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Ulichukuliwa, mlango ukafunguliwa, na wako waliotamani kupewa wao. Mtume akamwita Uthman akamrudishia mwenyewe, na ukoo wao wa Bani Shayba wanaushika ufunguo huo mpaka zama zetu hizi. Wafasiri wengi wameitaja habari hiyo pamoja na aya ya 58 ya Sura An-Nisaa, inayotuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe. Sisi aya hiyo tulikuwa tukiisomesha mwaka 1996, katika chuo ambacho ufunguo wake tulimnyang'anya mwenyewe.

Hatusemi kwamba mzee asiondolewe kamwe katika kazi. Sayyidna Umar alimwondoa Khalid bin Walid katika uongozi wa jeshi la Sham, akamweka Abu Ubayda. Lakini Khalid aliendelea kupigana chini ya Abu Ubayda, na hakuna aliyeambiwa asitaje vita alivyoshinda. Cheo ni amana, hutolewa na huchukuliwa. Jina jema la mtu ni mali yake.

Tulimwendea mjane wa mzee, bibi mkongwe, tukamweleza yote. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, “Wanangu, mimi nimewasamehe langu. Lake analo mwenyewe.” Maneno hayo ni ya haki. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, mlango wake ni toba. Ama haki ya mtu haiondoki mpaka mwenyewe aridhike, na mwenyewe amekwisha tutangulia. Kilichobaki kwetu ni kumwombea, kumtolea sadaka, na kusema mbele za watu yale tuliyoyaficha mbele za watu. Ndiyo sababu ya makala hii.

Tuliifungua stoo. Picha yake imeliwa na mchwa upande mmoja, lakini uso wake umesalimika. Tumeirudisha mahali pake. Picha ya wanane hatukuitupa, kwani kuitupa kungekuwa kufuta tena. Tumeitundika chini ya ile, ili wanafunzi wakiuliza tuwajibu. Na juu ya mlango sasa pameandikwa 1961.

Enyi vijana wetu, mtaziona picha nyingi za watu waliotwaa uongozi, katika nchi, katika chama, katika kamati ya msikiti. Msitazame kanzu na kofia peke yake. Ulizeni ni nani aliyekuwepo jana na leo hayumo, na ni nani aliyemo leo na kesho hatakuwemo. Na siku mtakaposimama ninyi mbele ya mpiga picha, na ufunguo u mikononi mwenu, mwiteni kwanza aliyeushika kabla yenu asimame pamoja nanyi, angali hai na aweza kuwaambia kuwa ameridhika.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, amlipe kheri kwa kila herufi aliyotufundisha, na atujaalie kuzirudisha amana kabla ya kuitwa. Amin.