Samaki Mama na Dumu la Lita Tano

Wengi wenu mnafuga kuku, wengine mbuzi au ng'ombe wa maziwa. Sisi nyumbani kwetu Songea tunafuga pia samaki wasiokwenda sufuriani. Msitucheke. Baba watoto alipoleta tangi la kioo sebuleni mwaka 2021 tulinung'unika sana: fedha ya nini hii, na paa linavuja? Lakini binti yetu wa mwisho, wakati huo akiwa na miaka 12, aliwapenda wale samaki. Haukupita muda nasi tukawa tukirudi kutoka zamu ya usiku tunakaa mbele ya kioo kabla hata ya kuvua viatu.

Samaki wenyewe ni mbuna wa Ziwa Nyasa. Jina hilo la wavuvi wa ziwani leo linatumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo hadi Ulaya na Marekani. Wana rangi za kupendeza, za buluu na manjano, ila kilichotugusa sisi tunaofanya kazi wodi ya wazazi ni malezi yao. Mama hutaga mayai, huyakusanya kinywani, akakaa nayo humo karibu wiki tatu mpaka yawe visamaki vinavyoogelea. Siku zote hizo kwa kawaida hali kitu. Utamwona koo limevimba, anatafunatafuna taratibu akiyageuza mayai, na wenzake wanagombea chakula juu yake.

Akiwatoa watoto ndani ya tangi lenye wakubwa, wataliwa. Kwa hiyo inabidi atengwe. Shida ni kumkamata.

Mara ya kwanza binti yetu alitumia wavu mdogo wa mpini. Alimfukuza yule mama huku na huko, mawe yakaanguka, maji yakachafuka. Mwishowe alinaswa pembeni, na kwa hofu akatema wote. Walidondoka kama punje za mtama, kila mmoja bado na kifuko cha kiini tumboni, na madume wakawamaliza kabla hatujapata hata kikombe. Mama mwenyewe alibanduka magamba ubavuni. Siku ya tatu ukungu mweupe kama pamba uliota pale pale, na siku ya tano tulimzika chini ya mpapai.

Tulilolifanya jioni ile ya kwanza hatujivunii. Tulimfokea mtoto mbele ya wageni kwamba ana mkono mzito kama wa mfyatua matofali. Hakujibu. Wiki mbili nzima hakulisogelea tangi, na chakula alikula kidogo. Nasi tuliosema maneno hayo ndio tunaowafundisha wanafunzi wa uuguzi namna ya kumshika mtoto njiti! Tulimwomba radhi jikoni, tukimenya ndizi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, si mkono. Ni wavu."

Alikuwa na haki. Mwili wa samaki umefunikwa na ute unaomkinga na vijidudu, kama ngozi inavyotukinga sisi. Nyuzi za wavu huukwangua ute huo, na samaki akiinuliwa nje ya maji anajipigapiga na kujiumiza zaidi. Jamii ya gogogo ndio wanaopata taabu kuliko wote: miiba yao hujikaza ndani ya matundu, na mara nyingine huna njia ila kuukata wavu.

Basi tukaanza kutafuta. Tulikata chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukageuza shingo yake ndani kama mgono wa wavuvi, tukaweka chakula. Mdomo ulikuwa mdogo, tukaupanua. Chupa ikaelea, tukatia kokoto. Kisha madume walafi waliingia mmoja baada ya mwingine, na mama mlengwa hakusogea hata kidogo. Baba watoto alicheka mpaka machozi. Unamtegaje kwa chakula mtu aliyefunga?

Ndipo binti yetu akachukua dumu la maji ya kunywa la lita tano, lile la plastiki angavu. Alikata sehemu yote ya juu, akapitisha kisu kilichopashwa moto kwenye ukingo hadi usiwe na makali, akatoboa matundu machache karibu na ukingo ili maji ya ziada yatoke. Usiku, taa ikiwa imezimwa na samaki wametulia, alililaza dumu tangini kimya kimya, mdomo ukimwelekea mama. Mkono wa pili ulikaa nyuma ya mkia wake bila kumgusa. Samaki haoni ukuta angavu kama anavyouona wavu, akajisogeza ndani mwenyewe. Dumu likainuliwa polepole, likiwa na samaki na maji yake.

Tulisimama pale na tochi tukiwaza wodini kwetu. Mtoto njiti nasi hatumhamishi akiwa wazi. Anahama na joto lake, kifuani kwa mama yake. Baadaye tulisoma kwamba wafugaji wa Ujerumani wana kengele ya kioo ya kazi hiyo hiyo, na kwamba watu wa nchi nyingi wamekwisha kukata chupa kama sisi. Kwa hiyo hatukuvumbua kitu kipya duniani. Hatukumwambia binti yetu hilo mapema; alijisomea mwenyewe, na alifurahi kuliko tulivyodhani.

Yule mama aliwatoa visamaki 19 kwenye beseni, siku nne baadaye, mchana wa Jumapili. Tulichelewa chakula. Dumu sasa linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na binti yetu ameliandika kwa kalamu ya wino mzito: SI LA MAFUTA.